Ni Ngozi Tu

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii naituma kazini kwako, kule mnakofulia mashuka ya hospitali, si nyumbani. Nyumba yenu unaijua: ukikohoa chumbani, Mama anakuuliza kutoka sebuleni umekunywa nini. Na simu ndiyo usiseme. Ukiipokea wewe, anayeongea ni yeye.

Nimeanza matibabu ya uso. Usicheke. Ndiyo, ni lile kovu, kutoka shavuni mpaka chini ya taya, lililoachwa na majipu nilipokuwa darasa la sita, yale yaliyopasuka kwa pamoja na usaha ukatambaa ndani kwa ndani. Huku kuna daktari wa ngozi mwenye mashine ya mionzi ya leza. Unapakwa dawa ya ganzi, unakaa mpaka shavu linakuwa kama la mtu mwingine, unavalishwa miwani mizito, halafu ule mwanga unakupiga nukta kwa nukta. Ganzi au si ganzi, unauma. Na harufu yake, loo! Kama mtu aliyeinamia jiko nywele zikashika moto. Safari nyingine wanakutoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka inajitenga, kisha yale maji yake ya manjano wanayarudisha usoni kwa visindano vidogo. Eti yanaiamsha ngozi ijijenge upya. Nikamwambia daktari ngozi yangu ina usingizi mzito. Hakucheka. Yule mtu hacheki kabisa.

Utaniuliza kwa nini sasa, uzee unabisha hodi. Unajua kazi yangu, kupokea simu za watu waliokatiwa maji. Nimetukanwa na mji mzima na hakuna anayenijua kwa sura, na mimi nilipenda hivyo. Sasa wametutangazia kwamba tunahamishiwa kaunta, uso kwa uso na wateja. Nimechoka, Dada. Nimechoka kuchagua kiti kila ninapoingia mahali ili shavu hili liangalie ukuta.

Mama usimwambie. Atasema ni urembo. Siku ya harusi yako aliniambia mbele ya mpiga picha nigeukie upande mzuri, na tangu kidonda kilipofunga hajawahi kunigusa shavu hili, hata kwa bahati mbaya. Simlaumu. Ila sitaki ajue kwamba nami nimelichoka.

Mdogo wako,
Kitinda

19 Februari

Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeisomea nyuma ya mashine kubwa ya kukaushia, wenzangu wakadhani nimepata mchumba mpya. Nimewaacha na furaha yao.

Fanya hayo matibabu. Huna haja ya kunieleza kwa nini, mimi ndiye niliyekuwa nakukanda yale majipu kwa maji ya chumvi huku unanipiga mateke. Mama simwambii. Nimeapa, basi.

Huku tunasukuma siku. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, lililo baya zaidi ni la kulia. Ananitambua kwa hatua zangu, na hata hizo anazilalamikia, eti natembea kama nimetumwa kudai. Wamempangia zamu ya upasuaji mwanzoni mwa Mei, nami nimemwomba Mungu anifikishe huko na akili zangu zote. Asubuhi namuogesha, nakimbilia kazini, nafua mashuka ya watu ambao siwajui, narudi nafua ya yule ninayemjua. Mikono imepauka na kukonda mpaka pete hainikai.

Sikuandikii ili ujisikie vibaya. Labda kidogo.

Dada yako

15 Machi

Kitinda,

Mambo yameharibika, na yameharibika kwa mdomo wangu.

Unakumbuka uliponipigia Jumapili, nikatoka nje nyuma ya nyumba? Basi Mama alikuwa dirishani. Wewe hakukusikia, alinisikia mimi. Na mimi nilisema nini? “Pole mdogo wangu. Hiyo mionzi inachoma hivyo? Na damu wamekutoa tena? Daktari anasema itapona yote au itapungua tu? Hapana, Mama hajui, na hatajua.” Jiweke mahali pake, kipofu nusu, umekaa dirishani, unasikia hayo.

Huku kwetu neno mionzi lina maana moja tu. Ni lile jengo la nyuma ya hospitali, alikopelekwa mume wa jirani yetu akarudi bila nywele, kisha hakurudi tena. Niliporudi ndani nikamkuta Mama amekaa kimya, na wewe unajua Mama akikaa kimya ni habari ya gazetini. Nikamwambia, Mama, ni ngozi tu. Akasema, hata mume wa jirani walituambia ni ngozi tu. Nikamwambia, Mama, Kitinda hana saratani! Akasema, “Saratani sijaitaja mimi. Umeitaja wewe.”

Kila nikikana, anazidi kuamini. Mwanzo nilikana nusu kwa sababu ya kiapo chako, sasa hata nikisema yote ataniona namliwaza. Mwambie wewe. Lazima yatoke kwako.

Dada

20 Machi

Mwanangu kipenzi,

Anayeandika ni dada yako. Maneno ni yangu.

Najua. Usihangaike kunificha, mficha maradhi kilio humfichua. Sitakuuliza ni wapi wala imefika wapi. Nataka tu ule. Wakati wa mambo ya damu ukihisi baridi, waombe blanketi, usione haya. Una haya za kijinga tangu utotoni, ulikuwa radhi ujikojolee darasani kuliko kumwomba mwalimu ruhusa.

Ulizaliwa mdogo mno. Mkunga alinipa akasema, shika vizuri, huyu atakupotelea ndani ya shuka. Nilikushika mpaka mkono ukafa ganzi na sikuthubutu kuubadilisha. Sijui kama niliwahi kukwambia.

Mdomo wangu umezoea kugomba, mambo haya sijui kuyasema. Lakini ukilala huko peke yako ujue kuna mtu huku anaomba, na anakutaja wewe kabla hajajitaja mwenyewe. Pole, mama yangu. Pole sana.

Mama yako

Kitinda, hapa chini ni mimi. Yote hayo nimeandika kwa mkono wangu huu wenye sabuni. Alipofika kwenye “kipenzi” nikamuuliza, Mama, niandike hivyo hivyo? Akanijibu, “Kwani wewe ni kiziwi?” Basi, nikaandika. Mwambie ukweli upesi. Dada.

2 Aprili

Dada,

Barua ya Mama nimeisomea chooni kazini, nimelia mpaka maganda ya shavuni yamelowa, na daktari amekataza kuyalowesha. Wenzangu wamedhani ni maumivu. Nimewaacha wadhani.

Nimemjibu kwenye ile karatasi nyingine ndani ya bahasha hii. Utamsomea. Nimemwambia namshukuru, nakula, matibabu yanaendelea na daktari ana matumaini. Ukiyatazama maneno yangu moja moja, hakuna la uongo hata moja.

Najua unavyokunja uso sasa hivi. Nipe muda kidogo tu. Mama hajawahi kuniita hivyo, Dada. Mimi nilidhani mkono wake haujui kunibeba, kumbe ulikufa ganzi kwa kunibeba. Nikimwambia leo kwamba ni kovu, kesho narudi kuwa yule wa kuambiwa ageuke upande mzuri.

Uso wenyewe umevimba, jua marufuku, natembea na mwavuli hata siku isiyo na mvua kama mwendawazimu. Daktari anakwenda polepole. Anasema ngozi nyeusi ikichomwa kwa pupa inaota weusi mpya juu ya kovu, halafu umefanya nini. Na ameniambia tena, kwa ile sura yake ya mtu anayesoma hukumu, kwamba kovu halifutiki, linalainishwa. Nimemwambia nimesikia.

Mdogo wako,
Kitinda

21 Aprili

Kitinda,

Shikamoo yako leo sijaisubiri, naanza.

Jumanne nilimpeleka Mama kliniki ya macho kupimwa kabla ya upasuaji. Tumefika, tumekaa, ameitwa, akamwambia nesi afute jina lake. Nesi akadhani anaogopa kisu. Mama akasema haogopi kitu, ila hawezi kulala kitandani afunguliwe macho wakati mwanawe anakufa. “Niyafungue nione nini,” akasema, “jeneza?” Watu wote foleni nzima wakanigeukia wakanipa pole. Mimi! Nikapokea pole za watu wazima kwa ajili ya shavu lako.

Sasa sikiliza vizuri. Zamu ikipita unarudi mwisho wa foleni, na foleni ile haina mwisho. Daktari amesema jicho la kulia limekomaa mno, likiachwa linaweza kupasuka ndani na kupandisha presha ya jicho, na hapo hata upasuaji hausaidii. Nesi, kwa huruma yake, hajalifuta jina. Ametupa mpaka mwanzo wa mwezi ujao.

Juzi amemimina maji ya moto juu ya meza akidhani kikombe kipo pale. Yamemwangukia pajani. Amelia kidogo, kisha akasema hayo si kitu, mwanangu anachomwa zaidi. Unasikia?

Na jambo jingine nalisema leo, kwa sababu nisipolisema litanipasua. Barua zote za Mama kwako, ile ya kwanza na zote zilizofuata, nimeziandika mimi. Kipenzi, mama yangu, pole, usingizi mwema, yote yamepita kwenye vidole hivi. Nikishakunja karatasi ananiambia chai imechelewa. Nimemuogesha, nimemkata kucha, nimemtafutia meno yake chini ya kitanda. Sijaumwa, ndilo kosa langu. Nimekuonea wivu ugonjwa ambao huna. Angalia nilikofika.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii yako inapita juu ya macho ya mama yetu. Andika.

Dada

27 Aprili

Mama,

Shikamoo. Anayekusomea ni Dada. Dada, usiruke neno.

Mama, mimi sifi. Sina saratani, sijawahi kuwa nayo. Mionzi ninayochomwa ni ya mwanga, inachoma juu ya ngozi tu, kwenye lile kovu la majipu. Damu wanayonitoa ni kidogo, wananirudishia mimi mwenyewe shavuni ili ngozi ijijenge. Dada alikwambia kweli tangu mwanzo: ni ngozi tu. Hukumwamini kwa sababu sisi watoto wako tumekuzoesha kukuficha. Lakini yeye hana kosa. Nilimwapisha mimi.

Na ulipoanza kuamini vile, mimi ndiye niliyekuacha uamini. Ningeweza kukwambia siku ile ile. Sikukwambia kwa sababu barua zako zilikuwa tamu. Nazilalia chini ya mto. Nikiwa mzima sikuwahi kuzipata, Mama, nikaona bora niwe mgonjwa kidogo zaidi, wiki moja, kisha nyingine. Sikujua unalipa kwa macho yako. Nilipojua, nimeandika.

Nilidhani unalionea kinyaa kovu langu. Labda ni kweli, labda si kweli, leo sikuulizi. Nataka uende ukatolewe huyo mtoto wa jicho. Kama ni kukasirika, kasirika huku unaona.

Mwanao mzima,
Kitinda

12 Mei

Kitinda,

Nimemsomea. Sikuruka neno, hata lile la mto.

Alikuwa anachambua maharage kwa vidole, kazi aliyojitafutia mwenyewe asionekane amekaa bure. Nilipofika kwenye “sifi” mkono ukasimama. Nikasoma mpaka mwisho. Akasema, “Soma tena pale aliposema hafi.” Nikasoma. Akasema, “Tena.” Nikasoma. Akauliza, “Ni lile kovu tu?” Nikasema ndiyo, Mama. Akarudi kwenye maharage. Maharage yalipokwisha akaniuliza kama zamu ya macho bado ipo.

Upasuaji umefanyika, jicho la kulia. Wamesema umekwenda vizuri. Kitambaa kilipotolewa kitu cha kwanza alichokiona ni mimi, akasema nimekonda na gauni langu lina doa. Kwa hiyo jicho linafanya kazi.

Nimemuuliza mara mbili kama tukujibu. Mara ya kwanza akaniomba chai. Mara ya pili akasema, “Nimjibu nini?” Akageukia ukutani. Sijui ni hasira au ni nini. Uso wake siusomi siku hizi, yeye ndiye anayeusoma wangu.

Pumzika. Na mimi nitajaribu.

Dada

30 Juni

Dada,

Shikamoo. Matibabu yamekwisha, kwa sasa. Daktari alinipa kioo. Kovu lipo. Mashimo yamejaa kiasi, kingo zimeshuka, rangi imekaribiana. Kwa mbali mtu hawezi kujua, kwa karibu anajua. Anasema ngozi itaendelea kujijenga polepole kwa miezi kadhaa, nisiikimbize. Nilidhani siku hiyo nitalia kwa furaha, lakini nilisinzia pale pale kwenye kiti mpaka nesi akaniamsha.

Kaunta nimeanza. Siku ya kwanza niliogopa. Akaja mzee mmoja, akanitazama usoni moja kwa moja, nikajua basi, yamefika. Akasema, “Wewe binti, mita yenu ni mwizi!” Hilo tu. Hakuna anayeangalia shavu langu, Dada, watu wana shida zao na maji yao.

Nafurahi jicho limepona. Namfurahia kweli. Lakini kila jioni nafungua kisanduku cha barua na ni kitupu, na wewe unanijua, siwezi kujifanya. Nilijua nikisema ukweli nitazikosa. Nimezikosa. Usimwambie nimelalamika. Na hizi nilizo nazo nitakuletea siku moja uzisome kwa utulivu, kwa sababu ulipokuwa unaziandika najua hukuzisoma.

Mdogo wako,
Kitinda

18 Julai

Kitinda,

Hii naandika mwenyewe. Dada yako yuko kazini. Mistari inapanda na kushuka, si ulevi, ni jicho moja linalotangulia jingine.

Mwongo mkubwa we. Nilikuombea mpaka magoti yakaniota sugu, nimemchosha Mungu kwa jambo ambalo halipo. Nilikasirika sana. Hasira zimekwisha karibu zote, zimebaki chache za kukupokelea ukija.

Umemlalamikia dada yako kwamba siandiki. Alinificha, lakini sasa naona, barua yako nimeikuta. Nitakwambia. Mgonjwa ana maneno yake, yapo tayari, mtu anayachukua tu. Unamwambia pole, unamwambia kula, unamwambia Mungu yupo. Lakini mtu mzima mwenye afya yake, yuko kazini kwake, nitamwambia nini? Mama yangu mimi nikiwa mzima hakunisemesha ila kunituma. Nimekaa na karatasi hii tangu wiki iliyopita. Niliandika mwanangu mpendwa, nikaona aibu, kama nimeingia chumba cha watu bila hodi, nikaichana.

Kovu lako sikulionea kinyaa. Nilikuwa naogopa bado linauma, na wewe hukusema, na mimi sikuuliza. Ndivyo tulivyo. Lete hilo shavu nilione kabla halijajijenga likaisha, nina jicho jipya.

Nataka kujifunza. Nimeambiwa mtu huanza na dogo. Haya: leo umekula nini? Na huyo mzee wa mita, alirudi? Ukijibu hayo nitatafuta mengine.

Dada yako naye ni mzima, hilo ndilo tatizo lake. Nimemwanza na yeye. Jana aliniletea chai, nikamwambia, asante mwanangu, umechoka, kaa kidogo. Aliweka kikombe chini haraka, akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Sikuwa nayo. Lakini mkono wake ulikuwa wa baridi na mzuri, kwa hiyo sikumwambia upesi.

Mama yako